Mtani Hatukani Mikono Mitupu

Hivi ninyi, mmewahi kutukanwa na mtu ambaye siku mkifiwa ndiye wa kwanza kuja kuwachimbia kaburi?

Nawauliza kwa sababu mmerudi gulioni mkicheka, mkasema mzee mmoja kamnyamazisha kijana aliyekuwa akitukana kabila la watu kwenye simu yake, huku akidai ana uhuru wake wa kusema. Mzee kamwambia maneno manne tu: "Mtani hatukani mikono mitupu." Kijana kanyamaza, na ninyi mkanyamaza, kwa kuwa hamkujua maana yake. Haya, sogezeni mkeka huku kivulini, na wewe uliyekaa hapo acha kuyachezea maharage yangu. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa Kwamsele, enzi ambazo gulio lilikuwa bado linakusanyika Jumamosi kwenye uwanja wa ghala la pamba, waliishi watu wa namna mbili, kama wanavyoishi hadi leo. Huku mteremkoni tulikuwa sisi Wasonde, wafinyanzi. Wanawake wetu walichimba udongo, wakaukanda kwa miguu, wakafinyanga vyungu na kuvichoma kwa makapi ya mtama na mavi makavu ya ng'ombe. Kule chini mbugani walikuwa Wambuya, wachemsha chumvi. Mvua zikiisha na mbuga ikipasuka, walikwangua ule udongo mweupe wa juu, wakauchuja kwa maji katika chungu chenye matundu, kisha wakayachemsha yale maji tangu asubuhi hadi chumvi ibaki imeganda chini kama ukoko wa wali. Sasa angalieni: Msonde bila Mbuya alikula mchicha usio na chumvi, na Mbuya bila Msonde hakuwa na chungu cha kuchemshia.

Je, waliishi kwa amani? Wapi! Walipigana, tena sana, mpaka mababu wakachoka kuzika. Ndipo wakakaa wakala kiapo cha utani: kuanzia leo, badala ya mkuki, neno. Msonde amwite Mbuya panya, kwa jinsi miguu yake ilivyojaa chumvi kama panya aliyetoka kwenye pipa la unga. Mbuya naye amwite Msonde fuko, mnyama yule wa kuchimbachimba ardhini. Na asikasirike mtu.

Ila kiapo kilikuwa na mpaka wake. Akifa Mbuya, Wasonde ndio wachimba kaburi, wachota maji, wapika chakula, na ndio watukanaji. Akifa Msonde, kazi ni ya Wambuya. Mtani akifika msibani, kabla hajafumbua kinywa, anashika kitu: jembe, ndoo, au mzigo wa kuni. Akishashika, ulimi wake umefunguliwa, aseme atakavyo. Siku ya tatu jembe likioshwa na kurudishwa, ulimi umefungwa. Aliyekuja mikono mitupu akaanza kutukana, wanawake wa pale msibani walimmwagia maji ya kuoshea vyungu, tena yale ya mwisho, yaliyolala.

Katika Wasonde wote hakukuwa na mtani kama Bi Sijaona. Alikuwa mfinyanzi, mjane, mwembamba kama mpini, na sauti yake ilisikika kutoka kisimani hadi kwenye zahanati. Mtani wake hasa alikuwa Mzee Chambuso, Mbuya wa mbugani, mwenye mguu mmoja mfupi na koti la kijivu lisilofuliwa. Alipokufa mke wa mzee huyo, Chambuso alikaa siku mbili bila kula wala kusema. Wanawe wakahofu. Sijaona akaja na jembe begani, akachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, halafu akaingia ndani akatoka amevaa lile koti na kofia ya mzee, anachechemea kama yeye, anakoroma kwa sauti yake: "Jamani, msimwoshe marehemu kwa maji mengi! Mimi mwakani nitaoga nini?"

Watu wakapasuka. Mzee Chambuso akainua kichwa, akaangalia, akacheka mpaka akakaa chini mavumbini. Kicheko kikageuka kilio, akalia kilio chote kilichokuwa kimemkwama. Alipomaliza akaomba uji. Sijaona akampikia yeye mwenyewe, siku tatu mfululizo, huku akimwita panya mzee mwenye masharubu yaliyoungua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya utani, na Sijaona aliionea fahari kuliko hata vyungu vyake.

Sasa, dada yake Sijaona alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Tindwa. Alikuwa hodari wa kusema, mshereheshaji wa harusi, sauti tamu kama ya redioni. Ikafika mwaka wa kuchagua mwenyekiti wa kijiji, na Tindwa akaitaka nafasi ile. Aliyeshindana naye alikuwa Mbuya. Tena mwaka huo kisima kikubwa kilikuwa kimekauka nusu, watu wanapanga ndoo tangu alfajiri, kila mtu ana hasira bila kujua amkasirikie nani.

Tindwa akawaonyesha wa kumkasirikia. Jumamosi moja, saa ambayo Wambuya wameshateremka kwao na gulioni wamebaki Wasonde watupu, akapanda juu ya magunia na kipaza sauti. "Wasonde wenzangu," akasema, "nani asiyejua kwamba Wambuya ni panya?"

Watu wakacheka. Na hapa ndipo tulipokosea, wajukuu zangu, nalisema bila kuficha. Neno panya tulilizoea msibani. Masikio yetu yalikuwa yamefundishwa kulichekea tangu utotoni. Tukacheka kama mbwa anavyotikisa mkia akisikia sufuria, bila kuangalia ndani kuna nini.

Jumamosi ya pili akasema, "Panya akiingia ghalani anakula mpaka mbegu. Kisima kinakauka, mnadhani nani anayanywa maji yetu?" Waliocheka walikuwa wachache. Jumamosi ya tatu akasema, "Panya habembelezwi. Panya anafukuzwa, na shimo lake linazibwa!" Siku hiyo hakucheka mtu. Watu waliinuka.

Wakateremka mbugani na marungu. Walivunja vyungu vya chumvi vilivyokuwa motoni, wakachoma kibanda cha mama mmoja aitwaye Semeni, na yale maji ya chumvi yanayochemka yakamwagikia mkono wake, ukababuka tangu kiwiko hadi vidole. Kesho yake Sijaona aliteremka na majani ya dawa. Akainama kuokota vigae vilivyotapakaa, akaona juu yake mistari mitatu ya ukucha. Ilikuwa alama yake. Kila mfinyanzi ana alama yake, na hiyo ilikuwa ya Sijaona. Wasonde walikuwa wamevunja vyungu vya Wasonde ili kuwatia hasara Wambuya. Akakaa pale chini, kigae mkononi, asiweze kusema lolote. Sijaona! Asiweze kusema!

Serikali haikulala. Tindwa akakamatwa pamoja na wale wenye marungu. Wenye marungu walikiri haraka, wakapata vifungo vya wiki chache, wakatoka. Tindwa akakataa katakata. "Mimi sikumgusa mtu," akasema. "Nilitania. Kila mtu anajua sisi na Wambuya ni watani. Nchi hii mtu ana uhuru wa kusema."

Mtendaji wa kijiji, Bwana Mbelwa, mtu mwoga mwenye nia njema, akaona dawa ni kufunga midomo yote. Akabandika karatasi kwenye mlango wa ofisi: ni marufuku mtu yeyote kumwita Mbuya au Msonde kwa neno la dhihaka, mahali popote, hata msibani, na atakayekaidi atashtakiwa kama Tindwa.

Basi kijiji kikapoa, lakini kwa kupoa kwa maiti. Alikufa bibi mmoja wa Kimbuya. Wasonde wakaenda na majembe, wakachimba kimya, macho chini. Wafiwa wakawa wanawaangalia kama wanavyoangaliwa polisi. Siku ya pili Wasonde hawakuja tena. Ungeniuliza mimi, ningekwambia siku ile tulikuwa karibu na mikuki kuliko siku ya marungu.

Wakati huo Mzee Chambuso alikuwa kitandani, kifua kimembana. Sijaona alikwenda kumwona kila jioni na kibakuli cha uji. Siku moja mzee akamshika mkono.

"We fuko," akanong'ona.

"Usiniite hivyo, mzee. Imekatazwa."

"Nani atamfunga maiti?" Akakohoa, akapumzika. "Sikiliza. Mimi sina siku nyingi. Usinizike kimya kama mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa. Mke wangu ulimzika vizuri. Na mimi nataka watu wacheke."

"Wakinikamata?"

"Basi ndiyo nitajua ulikuwa mtani wangu kweli, siyo mpenda uji tu."

"Uji nakuletea mimi, panya mzee wee! Mpenda uji nani?" Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Wakatazamana. Chambuso akatabasamu, akafumba macho. Sijaona akaangalia mlangoni kama kuna mtu amesikia, kisha akasema taratibu, "Nimekuahidi."

Akaondoka pale na mzigo. Maana alijua siku ya hukumu ya Tindwa ilikuwa karibu, na Tindwa alikuwa amemwita yeye, mama yake mdogo, awe shahidi wake wa mwisho. Na kila alivyopiga hesabu, ilikuwa mbaya. Mahakama ikisema Tindwa alitania, Tindwa atarudi kwenye magunia na kipaza sauti chake. Mahakama ikisema neno panya ni kosa, basi marufuku ya Mbelwa imeshika, na Chambuso atazikwa kimya. Angefanyaje?

Siku ile ya kesi, alfajiri, Mzee Chambuso akafariki.

Sijaona akapata habari akiwa anasuka nywele. Akafunga kitambaa juu ya nywele zilizosukwa upande mmoja, akachukua jembe, maana kwetu mchimba udongo ni mwanamke, na kaburi la mtani huanza kwa jembe la mwanamke. Lakini njia ya kwenda mbugani inapita mahakamani, na jina lake lilikuwa limeitwa.

Askari wa mlangoni akamzuia. "Mama, jembe libaki nje. Silaha haziingii humu."

"Mwanangu, hii si silaha. Ukiliacha nje jembe hili, umeuacha nje ulimi wangu."

Askari akakuna kichwa, halafu akaliegemeza penye kizingiti, mahali ambapo Sijaona angeliona.

Mahakama ya mwanzo ilijaa hadi madirishani. Upande mmoja Wasonde, upande mwingine Wambuya, katikati njia tupu ambayo hakuna aliyetaka kuikanyaga. Semeni alikaa mbele, mkono umefungwa kitambaa. Hakimu Mwaipaja alikuwa mtu wa mkoa wa mbali, mwenye miezi minne tu hapa. Utani aliujua, kwao pia upo, ila huu wetu hakuujua mpaka wake. Kando yake walikaa wazee wa baraza wawili, mmoja wao Mzee Ngwali, Mbuya mwenye macho mabovu na masikio mazima.

Sijaona akaapishwa. Tindwa akasimama kumuuliza maswali yeye mwenyewe, amenyoa vizuri, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama mdogo, kwenye msiba wa mke wa Mzee Chambuso, ulimwita mzee yule nani?"

"Panya."

"Panya gani?"

"Panya mzee mwenye masharubu yaliyoungua."

Watu wakacheka, halafu wakakumbuka walipo, wakakohoa. Tindwa akasubiri kicheko kiishe, kama alivyozoea harusini.

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu wote."

"Na mimi gulioni niliwaita Wambuya nani?"

"Panya."

"Neno ni moja?"

"Neno ni moja."

"Mheshimiwa hakimu," Tindwa akageuka, mikono wazi, "mmesikia. Huyu ndiye aliyenifundisha. Nimekua nikimsikia. Mkinifunga mimi, mfungeni na yeye, na mfunge kila Msonde aliyewahi kwenda msibani. Kama yeye yuko huru, na mimi niko huru. Sina swali lingine."

Hakimu akauliza, "Shahidi, una la kuongeza?"

Sijaona hakuwa nalo. Alisoma hadi darasa la nne tu, na yale maneno ya Tindwa yalikuwa yamekaa sawa kama vyungu vilivyopangwa. Akaangalia mlangoni. Jembe lilikuwa pale, udongo wa jana umekaukia kwenye bapa. Akawaza kwamba saa hii mtu wake amelala juu ya mkeka anamngoja, na yeye yuko hapa anashindwa na mtoto aliyemfuta kamasi.

"Mheshimiwa," akasema, "naruhusiwa na mimi kumuuliza yeye?"

Hakimu akawatazama wazee wa baraza. Mzee Ngwali akaitikia kwa kichwa. "Uliza," hakimu akasema. "Mshtakiwa, mjibu."

"Tindwa mwanangu, msiba ule unaousema, ulibeba nini?"

"Kubeba?"

"Jembe? Ndoo? Kuni hata moja?"

"Sikuwapo. Nilikuwa na harusi ya watu."

"Msiba wa kabla ya ule?"

"Mama mdogo, mimi nina kazi zangu."

"Hujawahi kumchimbia Mbuya kaburi?"

Tindwa akatabasamu. "Si kosa la jinai hilo."

"Si kosa. Nauliza tu." Sijaona akasogea hatua moja. "Siku nilipomwita Chambuso panya, Chambuso alikuwa wapi?"

"Mbele yako."

"Akanijibu?"

"Nasikia alikuita fuko asiyeoga." Watu wakacheka tena, na safari hii hakuna aliyekohoa.

"Kweli kabisa, na siku hiyo sikuwa nimeoga. Sasa wewe ulipowaita panya pale gulioni, walikuwa wapi wa kukujibu?"

"Walikuwa… wameshateremka."

"Ulingoja wateremke."

Hakimu akaandika.

"Mimi nilipomaliza kumwita panya, nilimfanya nini?"

"Nitajuaje?"

"Nilimpikia uji siku tatu. Wewe ulipomaliza kuwaita panya, ulisema wafanywe nini? Sema, watu walisikia kwa kipaza sauti, mpaka mimi niliyekuwa tanurini nilisikia."

Tindwa akatazama chini. "Nilisema… panya hufukuzwa."

"Na?"

"Na shimo lake huzibwa."

Sijaona akageuka kwa hakimu, na sauti yake ikarudi, ile ya kutoka kisimani hadi zahanati. "Mheshimiwa, neno ni moja. Sikatai. Hata moto ni mmoja, wa kupikia na wa kuchomea kibanda cha Semeni. Sisi wazee wetu hawakutupa ulimi mtupu. Walisema, ukitaka kumtukana Mbuya, kwanza mbebee mzigo wake. Mwite panya usoni mwake, akuite fuko, halafu uchimbe, upike, mle pamoja. Huyu mwanangu hakubeba kitu. Alishika kipaza sauti, akawasema watu wasiokuwapo, kwa watu wenye marungu."

Hakimu Mwaipaja akaweka kalamu chini. "Lakini Bi Sijaona, kila mtu si ana haki ya kusema anachotaka?"

"Anayo, mheshimiwa! Tena mimi wa kwanza kuitaka, nisiposema naumwa tumbo. Mwenyekiti akiiba, nitamsema. Mtendaji akikosea, yule pale nyuma amejificha, nitamsema. Na Tindwa asikike akisema anataka uenyekiti, asikike akisema kisima kinasimamiwa vibaya. Ila kumwambia jirani yangu akanifukuze nyumbani kwangu kwa sababu ya nilikozaliwa, hiyo nayo ni haki?"

"Na mtu akibeba ndoo yako leo, halafu akasema mfukuzeni?"

Sijaona akafikiri. "Huyo hakubeba ndoo, mheshimiwa. Huyo kabeba mtego."

Pale Mzee Ngwali, Mbuya yule, akaguna. Akamwinamia hakimu, lakini kwa kuwa alikuwa haoni vizuri hakujua kunong'ona, na sauti yake ilisikika kote. "Mheshimiwa, unatafuta namna ya kuandika? Andika hivi: mtani hatukani mikono mitupu. Sisi tutaelewa, na watoto wetu wataelewa."

Hakimu akaandika. Watu walisikia kalamu inavyokwaruza. Kisha akasoma uamuzi wake, na mimi nitawaambia kama nilivyoambiwa. Alisema mahakama haikumpata Tindwa na hatia kwa neno panya, wala kwa kutania, wala kwa kutaka uongozi. Utani si kosa, na kusema si kosa. Ilimpata na hatia kwa kuwachochea watu wawavamie wenzao kwa sababu ya asili yao, na vigae na mkono wa Semeni vilikuwa ushahidi. Miezi sita.

Kisha akaita, "Bwana Mtendaji!" Bwana Mbelwa akajitokeza nyuma ya watu, amelowa jasho. "Tangazo lako limefunga midomo yote kwa kosa la mdomo mmoja. Sheria haikukutuma hivyo. Kaliondoe."

Bwana Mbelwa akaenda mwenyewe. Karatasi ilikuwa imegandishwa kwa uji wa muhogo, ikatoka vipande vipande.

Tindwa alipopitishwa mbele ya Sijaona, akasimama. Ule utamu wa sauti ulikuwa umemtoka. "Mama mdogo, umenifunga."

"Umejifunga, mwanangu. Mimi nimekuonyesha kamba tu." Akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka. "Nitakuletea uji. Na kugombezwa nitakuletea humo humo ndani ya kibakuli, jiandae."

Halafu akachukua jembe lake mlangoni na kutoka mbio, nywele upande mmoja zimesukwa na upande mwingine zimesimama. Nyuma yake wakatoka Wasonde, mmoja mmoja, kisha kundi. Wakapita majumbani. Huyu akachukua jembe, huyu ndoo, huyu kuni, bibi mmoja asiyeweza kubeba kitu akachukua kikombe cha maji. Semeni, aliyetangulia, alipogeuka akawaona wanateremka mteremko mzima wamebeba vitu, akasimama. Walikuwa ni wale wale wa siku ya marungu na jamaa zao. Akaangalia mikono yao. Kisha akaweka ule wake mzima kiunoni, akapaza sauti: "Mnachelewa, mafuko! Mnadhani maiti atajichimbia?"

Na hapo, wajukuu zangu, ndipo Kwamsele ilipona. Maana mtu aliyeunguzwa alikuwa wa kwanza kutania, na waliomuunguza wakalia huku wanacheka, wakachimba. Mpaka leo hakuna kijiji mkoa huu kinachotukana vizuri kama chetu, na tangu siku ile hatujainua rungu tena. Wageni wakija msibani kwetu wanashtuka, wanafikiri tunapigana. Tunawaacha washtuke. Anayetaka kujua kama mtu anakutania au anakuwinda, asitazame mdomo wake, atazame amebeba nini na anakuelekeza wapi. Ndiyo maana yule mzee wa gulioni alimwambia yule kijana mwenye simu, na ndiyo maana nami nawaambia ninyi: mtani hatukani mikono mitupu.

Na Sijaona? Jua lilipoanza kupoa, kaburi lilikuwa limefika kifuani mwake. Alisawazisha pembe kwa bapa la jembe, akajilaza humo ndani kidogo kupima urefu, kama ilivyo desturi, akainuka ana udongo mpaka kwenye nyusi. Wasonde na Wambuya walikuwa wamesimama ukingoni, wanangoja. Sanduku likaletwa. Akaliwekea mkono, akalipigapiga kama mtu anayegonga mlango, na akasema kwa sauti yake yote yale aliyokuwa ameyabeba tangu alfajiri:

"Chambuso, panya mzee wee, mchoyo usiye na aibu! Chumvi ulituhesabia punje, maji ulitunyima, na leo umeninyima hata wewe mwenyewe. Sasa mimi atanitukana nani?"